Njano ya Namna Gani?

Dada yangu aliposafiri kwenda Nairobi kutibiwa macho, aliniachia vitu vitatu: ufunguo wa nyumba yake, deni dogo la duka la jirani, na okidi moja iliyopandwa katika chungu cha plastiki kinachopenya mwanga. Deni nililipa siku ile ile. Ufunguo niliutundika nyuma ya mlango. Okidi niliichukua nyumbani kwangu, nikaiweka dirishani, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimekaribia kuiua.

Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikihangaika na vina na mizani watanisamehe kwa kuwaletea habari za chungu cha maua. Nimejaribu mara mbili kuitunga kwa shairi, na mara zote mbili ikageuka mzaha. Basi na iwe nathari.

Okidi yenyewe si mmea wa kwetu. Ni ile inayouzwa sana mijini, yenye majani mapana yaliyolala kama ndimi na maua yanayofuatana juu ya kikonyo kirefu. Mtaalamu wa mimea Carl Blume aliiita Phalaenopsis mwaka 1825, jina la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichofanana na nondo. Dada hapendi kuuhangaisha ulimi wake kwa jina hilo. Huiita nondo tu. Mgeni asiyejua hushangaa kumsikia mwanamke mzima akisema nondo yake imechanua, maana siku hizi neno hilo limetekwa na mafundi wa ujenzi. Kwao, katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hukaa juu ya miti, kama zikaavyo baadhi ya okidi zetu wenyewe za pwani: ile ya madoadoa kama ya chui, Ansellia africana, na ile nyeupe inayobeba jina la Wagiriama, Angraecum eburneum giryamae. Hukaa juu ya mti lakini haziunyonyi. Mizizi yake imezoea kulowa kwa mvua kisha ikakaushwa na upepo, ikalowa tena, ikakauka tena. Laiti ningalilijua hilo mwezi wa Februari.

Dada alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya Alasiri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Macho yaendeleaje?"

"Hayajambo. Na nondo?"

"Nayo haijambo."

Ijumaa ya kwanza nilisema kweli. Ijumaa ya pili jani la chini kabisa lilikwisha kugeuka rangi, nami nikajibu vile vile. Nilijipa udhuru kwamba mtu aliyekwenda kutibiwa hasumbuliwi kwa jani. Lakini ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa nimeona umanjano nikadhani ni kiu, nikaanza kuinywesha kila asubuhi maji ya kisima. Ulipozidi nikadhani ni giza, nikaihamishia dirisha la magharibi, mahali ambapo jua la kaskazi huingia saa nane na kukaa hadi jioni. Ulipozidi zaidi nikadhani ni njaa, nikaomba kwa jirani mbolea anayotia mboga zake, nikaimimina bila kupima. Dawa tatu kwa juma moja, na hakuna hata moja niliyoipa nafasi ya kujibu.

Ijumaa ya tatu majani mawili ya chini yalikuwa yamelegea na kuwa ya manjano, jani moja la kati lilikuwa na baka, na ncha za karibu majani yote zilikuwa zimekauka. Alipouliza, nikasema, "Haijambo," kisha nikaongeza neno ambalo nilipaswa kulisema juma lililotangulia: "ila..."

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Salamu zetu zimejengwa ili jibu la kwanza liwe jema. Mtu ana homa kali kitandani, umwulize hujambo, atakujibu sijambo. Huo si uongo, kwa sababu kila aliyekulia katika lugha hii anajua kwamba jibu halijaisha, anasubiri ila. Sijambo, ila usiku sikulala. Nyumbani ni kwema, ila mtoto amelazwa. Adabu yote ya salamu imewekwa juu ya neno hilo fupi, na ukilimeza, kilichobaki huwa udanganyifu uliovaa nguo za adabu.

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Nikamwambia nitampelekea picha katika simu ya bintiye.

"Picha niitazame kwa macho ya nani?" akasema.

Ndipo nilipofahamu kwamba naye alikuwa amemeza ila yake kwa majuma matatu. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya macho. La kulia lilikuwa limevuja damu ndani na kuona ukungu mtupu, na la kushoto lilikuwa likitibiwa kwa leza na sindano. Hakuwa akiona uso wa bintiye aliyemkalia mbele, sembuse doa katika jani. Tulinyamaza kidogo, kila mmoja na aibu yake.

"Basi wewe ndiwe macho," akasema. "Niambie."

"Majani mawili ya chini yamekuwa ya manjano."

"Njano ya namna gani?"

Nimefundisha Kiswahili miaka 31 na sikuwa na jibu.

Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki tumeziazima kutoka kwa vitu. Manjano ni ile ile tunayotia katika mchuzi. Kahawia imetoka katika kahawa, kijivu katika jivu, na kijani ni jani lenyewe. Kwa hiyo jani linalopoteza kijani linapoteza hata jina lake. Darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi habari hii kama jambo la sarufi, na pengine kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba ni upungufu. Dada, ambaye hakupita darasa la nane, aliitumia kama kisanduku cha vifaa. Njano ya papai lililoiva, au ya ndimu, au ya samli? Kahawia ya buni iliyokaangwa, au maji ya kunde? Kila rangi alinirudishia kuwa kitu nilichowahi kukishika.

Njano ya majani yale ilikuwa ya papai. Imeenea jani zima au iko kati ya mishipa? Imeenea. Akanieleza kwamba jani la chini kabisa, likiwa peke yake, likigeuka polepole na kwa usawa, halina ugonjwa. Limezeeka. Mmea hulivunja lile kijani na kukirudisha chakula kilichokuwamo kwa majani machanga, na njano tunayoiona haikuja kutoka nje. Ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa. Jani kama hilo huachwa lianguke lenyewe. Lakini mawili kwa mpigo?

"Yaguse. Yamesimama au yamelegea?"

"Yamelegea kama kitambaa."

"Hapo si uzee tena. Tutaitazama mizizi. Na jani la juu kabisa, lile dogo?" Sauti yake ilibadilika. "Litazame linapotokea, pale katikati. Pole pole. Kuna weusi? Kuna njano inayoanzia chini yake?"

Sikujua wakati ule kwa nini aliuliza kwa hofu. Okidi ya aina hii hukua kutoka sehemu moja tu, moyo ulio katikati ya majani, na maji yakituama pale usiku moyo huoza. Ukioza, mara nyingi mmea wote umekwisha. Nikatazama kwa tochi. Palikuwa pamekauka, na kijani.

"Alhamdulillahi," akasema, na nikamsikia akivuta kiti.

Tukaja kwenye baka. Lilikuwa upande wa juu wa jani lililoelekea dirisha, jeupe kama karatasi katikati, ukingo wake maji ya kunde. Akaniamuru nilibonyeze. Kavu. Nilinuse. Halina harufu. Kisha akanifundisha jambo ambalo nalipitisha kwa kila mwenye maua: chukua kalamu, uchore mstari kuuzunguka ukingo wa baka, na kesho utazame kama limeuvuka. Baka lenye maji maji kama lengelenge, lenye duara la njano kulizunguka, tena likauvuka mstari kwa siku moja, hilo ni la bakteria, na halingojwi; hukatwa kwa wembe safi, mbali ndani ya sehemu nzima, na jeraha hukaushwa. Langu halikuvuka, kesho yake wala kesho kutwa.

"Hukuliambukiza," akasema. "Umelibabua."

Kwa neno hilo nikafahamu kilichotokea bila maelezo zaidi. Watu husema jani limebadilika rangi, na hawajasema kitu. Kiswahili kina kunyauka, ambako ni kwa kukosa maji. Kupauka, ambako ni kwa ukavu wa ngozi. Kuchujuka, kama kanga iliyofuliwa mno. Kubabuka, ambako ni kwa moto. Kusinyaa, kuvunda, kupukutika. Kila kitenzi kimebeba chanzo chake mgongoni. Nadhani mganga wa mimea anayejua vitenzi vizuri amekwisha kufanya nusu ya kazi, na rangi humsaidia kuthibitisha tu. Jani lililobabuka halirudi kuwa zima, akaniambia, wala lisikatwe, kwa kuwa sehemu iliyobaki bado inapika chakula. Liache na kovu lake, uondoe chungu juani.

Ncha zilizokauka hazikumchukua muda. "Umeinywesha maji ya kisima?" Nikakiri. "Chai yako waipikia maji hayo?" Kila akaaye kisiwani hapa Mombasa anajua visima vingi vina chumvi, twaogea, twafulia, na chai twatafuta maji mengine. Maji yanapokauka chunguni, chumvi hubaki, na mbolea nayo ni chumvi ya namna yake. Zikikusanyika huunguza mizizi, na ncha za majani hutangulia kulia. Nikasema nitayachemsha. Akacheka, mara ya kwanza tangu aondoke. Kuchemsha huua vijidudu, akasema, lakini chumvi huizidisha, kwa kuwa kinachopaa ni maji.

Mengine aliyapitia haraka. Upande wa chini wa majani ulikuwa na rangi ya damu ya mzee. Hiyo ni hulka yake, niiache. Nipanguse chini ya majani kwa kitambaa cheupe, nione kama kitatoka na vumbi jekundu la utitiri. Kilitoka safi. Kuna pete, au michirizi iliyozama ndani ya jani? Hakuna. "Vizuri. Ile ni ya virusi, haina dawa. Huchomwa, zisije zikaambukizwa nyingine." Alilisema hilo upesi, nami sikuuliza zaidi.

Mizizi tuliiacha hadi Jumamosi asubuhi. Niliweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, nikatandaza magazeti, nikautoa mmea chunguni. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu: harufu ya maji ya mtungi wa maua yaliyosahauliwa. Dada aliniuliza nimenyamaza kwa nini.

Mzizi wa okidi umevikwa gamba jeupe laini, linalofyonza maji kama karatasi ya kukaushia wino. Likiwa kavu lina rangi ya fedha. Likilowa huwa kijani, na ndiyo sababu wajuzi huipanda katika chungu kinachoonyesha ndani, wasome kiu yake badala ya kuikisia. Mimi nilikuwa na kitabu wazi mbele yangu na nikamwagia maji kwa kalenda. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, na nilipoibonyeza gamba lilivuka kama soksi, ukabaki uzi. Katikati palikuwa na donge la kitu kama sponji ambalo mwenye kitalu aliupandia mche tangu udogo wake, na ambalo hakuna aliyeliondoa. Lilikuwa limeshika maji kama tambara la kudekia. Mizizi yote ilikuwa kumi na mmoja. Iliyokuwa migumu ilikuwa minne.

"Minne," nikasema.

"Minne yatosha," akajibu. Sikujua kama aliamini.

Nikapitisha mkasi motoni, nikakata vilivyooza mpaka palipo pagumu. Nilitaka kunyunyiza mdalasini wa unga kila mahali, kwa kuwa nimesikia watu wakiusifu, na dada akanizuia: unakausha kidonda cha jani vizuri, lakini ukimwagwa juu ya mizizi hukausha na ile mizima. Nikaosha chungu. Nikakata makumbi ya nazi vipande vidogo, nikayaloweka katika maji ya kunywa siku tatu nikiyabadilisha kila siku, kwa maana makumbi nayo huja na chumvi yake. Siku zote hizo mmea ulilala juu ya gazeti, mahali penye kivuli na upepo, vidonda vikikauka, nami nikipita mbele yake kama mtu apitaye mbele ya mlango wa wodi. Siku ya nne nikachanganya makumbi na vipande vya makaa, nikaupanda, nikaurudisha dirisha la mashariki ambako jua huaga mapema.

Baada ya hapo kazi ikawa kutofanya kazi, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Majani mawili ya papai yalianguka, yakabaki manne. Hayo manne yalikunjamana kidogo, kwa kuwa mizizi minne haikuweza kuyashibisha, na kila asubuhi mkono wangu uliitafuta ndoo. Dada alikuwa akiniuliza rangi ya mizizi. Nikisema kijani, alisema acha. Nikisema fedha, alisema nywesha, asubuhi, na moyo usiuloweshe. Masika yalipoanza niliweka sufuria nje na kukinga maji ya mvua. Mbolea hatukuigusa; mgonjwa asiyeweza kunywa maji halazimishwi pilau.

Ijumaa zetu zilibadilika. Ilikuwa lazima kila mmoja amalizie na ila yake. Macho hayajambo, ila ile sindano ya jana iliniuma. Haijambo, ila jani la pili lina kunyanzi jipya. Ijumaa moja ya Mei alisema macho hayajambo, ila madaktari wameacha kulishughulikia la kulia. Nikamwuliza wameacha kwa juma hili au wameacha kabisa. Akasema kabisa. Kisha akauliza mizizi ina rangi gani, nikamwambia fedha, akaniambia niende nikanyweshe kwanza, atasubiri kwenye simu.

Mwezi wa Juni ikatokea ncha ndogo kutoka moyoni, si kubwa kuliko punje ya mpunga. Sikumwambia kwa siku tano, si kwa kumficha safari hii, bali nilitaka kuwa na hakika ni jani.

Alirudi mwishoni mwa Julai, upepo wa kusi ukivuma. Jicho la kushoto lilikuwa limeokolewa kiasi: huona mlango, huona mtu amesimama, huona rangi zikiwa kubwa na karibu. Nilimketisha kando ya dirisha nikamwekea chungu mapajani. Akapitisha kidole gumba juu ya kila jani, kutoka chini kwenda juu, na alipofika kwenye kovu akasimama.

"Ndilo ulilolibabua?"

"Ndilo."

Akapanda hadi jani jipya, lililokuwa sasa na urefu wa kidole, likiteleza kama limepakwa mafuta. Akalishika kwa muda. Akaniuliza rangi yake. Nikafikiri niseme kijani, kisha nikaona si haki. Rangi ile haikuwa ya majani mengine, ilikuwa nyepesi na yenye nuru ndani yake. Nikakumbuka neno ambalo bibi yetu alikuwa akilitumia kwa vitambaa, ambalo ndani yake nasikia jani na ubichi kwa lafudhi ya kaskazini.

"Chanikiwiti," nikasema.

"Ya bibi!" akasema, akacheka. Kisha akanyoosha mkono, akaushikilia hewani mbele ya dirisha, kiganja kimeelekea juu. "Sogeza chungu ndani kidogo," akaniambia. "Jua limefika hapa."